Kasumba ya Chuma

Umezuka ubishi mkali miongoni mwa vijana wetu wanaofanya kazi ya kurekodi na kuchanganya muziki. Ubishi huo unahusu kifaa kiitwacho kompresa, ambacho kazi yake ni kubana sauti. Kundi moja lashikilia kwamba muziki haukamiliki mpaka upitishwe katika kompresa ya chuma, yaani sanduku halisi lenye valvu au transista, vifundo vya kuzungusha na mshale wa kupimia. Kundi la pili lajibu kwamba siku hizi kompresa iliyotungwa kwa hesabu ndani ya programu ya kompyuta yafanya kazi ile ile, na kwamba fedha za kununulia chuma ni fedha zilizotupwa.

Msomaji aweza kudhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao, na kwamba halina nafasi katika kitabu kinachozungumzia utamaduni wa taifa. Sivyo hata kidogo. Muziki mwingi tunaousikia leo hautufikii moja kwa moja kutoka kinywani mwa mwimbaji. Hutufikia baada ya kupita mikononi mwa fundi. Basi anayeamua jinsi sauti ya marimba au ya kanuni itakavyobanwa ndiye anayeamua jinsi watoto wetu watakavyoijua ala hiyo. Kwa hiyo tunakusudia kusema bayana: kuamini kwamba hatuwezi kutengeneza muziki mzuri bila chuma cha ng'ambo ni kasumba, na kuamini kwamba programu itafikiri kwa niaba yetu ni kasumba ya pili, mdogo wake wa tumbo moja.

Kwanza yafaa tueleze kifaa chenyewe, maana wengi hubishana juu ya kitu wasichokijua. Kompresa ni kama mpishi aliyekaa kando ya chungu. Uji ukianza kuumuka, hupunguza moto. Ukishuka, huuachia moto uwake tena. Sauti ya mwanadamu au ya ala huwa na vilele na mabonde. Fundi huweka kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo ibanwe. Kisha huchagua uwiano. Mathalani, uwiano ukiwa wa 4 kwa 1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 itatoka ikiwa imevuka kwa desibeli 2 tu. Baada ya hapo huchagua mambo mawili mengine ambayo ndiyo roho ya kazi yote: kasi ya kushika, yaani kompresa ianze kubana upesi au kwa kuchelewa, na kasi ya kuachia, yaani ikishabana iachie upesi au polepole. Hayo manne ndiyo kompresa. Mengine ni mapambo, au ni tabia ya pekee ya mtambo fulani.

Kabla ya mtambo huo palikuwa na mkono. Fundi mitambo wa redio alikaa akimtazama mwimbaji, kidole kikiwa juu ya kifundo, na kila alipoona kifua kinajaa pumzi alijua kwamba sauti kubwa inakuja, akapunguza. Katika miaka ya 1930 vituo vya redio vya Marekani na Ulaya vikaanza kutumia mitambo ya kufanya kazi hiyo yenyewe, ili vilele vya ghafla visiilemee mitambo ya kurushia matangazo. Hii ndiyo asili ya kompresa: ilizaliwa kuwa msaidizi wa mkono na sikio, wala haikuzaliwa kuwa mungu wa studio.

Sasa natuzitazame hoja za wapenzi wa chuma, maana hatutaki kuwadhulumu.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba wakubwa wa muziki duniani walitumia chuma. Kweli, walitumia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Rein Narma, mhandisi mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani, alibuni kompresa za Fairchild. Ile iitwayo 670 ina valvu 20 na uzito wa kilo zipatazo 30, na leo mtambo mmoja wa zamani wa aina hiyo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mafundi wa studio za EMI huko London walizitumia Fairchild katika kurekodi nyimbo za Beatles. Huko California James Lawrence alibuni LA-2A, ambayo hubana sauti kwa mwanga: sauti ikizidi, kipande kidogo kinachotoa mwanga hung'aa, na kifaa kinachohisi mwanga huo huipunguza sauti. Mwaka 1967 Bill Putnam akatoa 1176, ambayo iliacha valvu ikatumia transista, na ambayo yaweza kuanza kubana katika muda usiofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Lakini hebu tuyatafakari mambo hayo kwa makini. Mafundi wale hawakuichagua Fairchild kwa sababu ilikuwa ya kale. Waliichagua kwa sababu ilikuwa mpya, nayo ilikuwapo pale studioni. Putnam naye hakulia kwamba transista itaua muziki. Aliichukua transista, chombo kipya cha siku zake, akaifanyia kazi. Chuma kinachoabudiwa leo kilikuwa kigeni jana. Anayetaka kuwafuata wakubwa hao na awafuate katika ushujaa wao wa kutumia vyombo vya wakati wao. Akiishia kunakili orodha ya vitu walivyonunua, atakuwa ameshika gamba akaacha kiini.

Tena kampuni ya Universal Audio, ambayo wana wa Putnam waliifufua mwaka 1999, inauza 1176 ya chuma na vilevile inauza 1176 ya programu. Andrew Scheps, mchanganyaji mashuhuri wa Marekani ambaye kwa miaka mingi alikuwa na shehena ya mitambo ya chuma, alihamia katika kuchanganya ndani ya kompyuta. Ikiwa wenye chuma wenyewe wameridhika, sisi tunaumwa na nini?

Hoja yao ya pili ni kwamba chuma kina joto ambalo programu haina. Neno hili joto limekuwa kama hirizi: kila mtu analivaa, hakuna anayelifungua kuona mna nini ndani. Sisi tutalifungua. Sauti inapopita katika valvu na transfoma hubadilika kidogo. Huongezewa masafa mapya yanayolandana na yale ya asili, na sikio huyapokea kama unono. Hilo ni jambo la kweli, nalo linapimika. Lakini kinachopimika huweza pia kukokotolewa. Programu nzuri za leo hukokotoa mabadiliko hayo hayo. Tunakiri kwamba programu iliyotungwa vibaya huweza kuzaa masafa ya uongo yasiyolandana na wimbo, hasa inapobana kwa haraka mno. Nao watungaji hodari hulizuia hilo kwa kuifanya programu iyapime mawimbi mara nyingi zaidi katika kila sekunde. Tofauti inayobaki baada ya hapo ni ndogo kuliko tofauti ya kumsogeza mwimbaji shubiri mbili mbele ya kipaza sauti.

Hapa tunakumbuka jambo tuliloliona kwa macho yetu. Tuliwahi kukitembelea kikundi kimoja cha vijana waliokuwa wakichanga fedha kwa misimu miwili ili wanunue kompresa ya chuma. Tulipoomba kukiona chumba chao cha kurekodia, tulikuta kuta za matofali matupu na paa la bati, hata mvua ikinyesha kazi husimama. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, nacho kilikwaruza kila waya wake ulipoguswa. Mwimbaji wao, binti mwenye sauti ya kumsisimua mtu, alisimamishwa kwenye pembe ya chumba, mahali ambapo sauti hurudi na kujigonga. Vijana hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wamedanganywa. Hakuna aliyewaambia kwamba magodoro mawili, mazulia machache, waya mzima na hatua tatu za kumsogeza yule binti zingewafaa kuliko sanduku la valvu. Kompresa hubana kila inacholetewa. Ukiiletea kelele za bati, itakurudishia kelele za bati zilizonenepa.

Hoja yao ya tatu ina nguvu zaidi, nasi tunaikubali kwa sehemu. Wanasema kwamba chuma humfundisha fundi kuamua. Mwenye kompresa moja ya chuma hulazimika kuchagua aiweke wapi, akazungusha kifundo kwa mkono huku akisikiliza, akarekodi na kusonga mbele. Mwenye programu huweza kuweka kompresa arobaini katika wimbo mmoja na kubadili shauri kila usiku. Wanasema pia kwamba mtambo wa mwaka 1967 bado hutengenezeka kwa risasi ya kulehemu, ilhali programu ya miaka ishirini iliyopita mara nyingi haifunguki katika kompyuta ya leo. Hayo yote ni kweli. Lakini uamuzi ni tabia ya mtu, wala hauuzwi pamoja na sanduku. Ama kuhusu matengenezo, na tuangalie hali yetu wenyewe: valvu za kubadilisha huagizwa mbali; mitambo mingine imeundwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani, na wetu ni wa volti 230; na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma kwa swichi na viungo vya shaba. Mwenye kuhesabu gharama na azihesabu zote.

Kwa hiyo shauri letu liko wazi. Kwa shule, kwa vikundi vya vijana na kwa studio ndogo, programu ni chombo cha kutosha. Zipo kompresa zinazokuja pamoja na programu za kurekodia, na zipo zinazotolewa bure kwa halali, hata hakuna udhuru wa kutumia programu za wizi. Fedha zinazobaki ziende kwenye chumba, kwenye vipaza sauti na kwenye mafunzo.

Tukiishia hapo, wapenzi wa programu watatupigia makofi. Wasiharakishe, maana zamu yao imefika.

Programu nyingi huja na mipangilio iliyokwisha kuandaliwa: huu wa sauti ya mwimbaji, huu wa ngoma, huu wa gitaa, huu wa wimbo mzima. Kijana hubonyeza, mshale hucheza, kazi imekwisha. Lakini mipangilio hiyo iliandaliwa na nani, na kwa muziki gani? Aghalabu iliandaliwa kwa ngoma za kizungu zinazopigwa kwa fimbo, na kwa mwimbaji wa mtindo wa Marekani aliye karibu sana na kipaza sauti. Haikuandaliwa kwa msondo, wala kwa zeze, wala kwa mwimbaji wa taarabu anayeivuta sauti kama mtu avutaye uzi wa hariri.

Tuchukue mfano wa kanuni katika taarabu ya Unguja. Uzuri wa ala hiyo umo katika ule mdono wa kwanza, wakati uzi unapochomolewa na kidole chenye pete. Kompresa yenye kasi kubwa ya kushika huukamata mdono huo kabla haujasikika, na kinachobaki ni mlio usio na uso. Sikio lililolelewa katika taarabu litachelewesha ushikaji, ili mdono upite kwanza ndipo ubanaji ufuate. Tuchukue ngoma. Mpigaji hupiga kofi pembeni na kulituliza kwa kiganja. Katika utulivu huo ndimo mchezaji huweka mguu wake. Kompresa inayoachia upesi mno huinua mwangwi wa chumba na kuujaza utulivu ule, na mchezaji hana tena mahali pa kukanyaga. Tuchukue marehemu Hukwe Zawose wa Wagogo, aliyefariki mwaka 2003, ambaye koo lake lilishuka hadi kwenye mngurumo na kupanda hadi kwenye mlio mwembamba wa juu. Fundi atakayeyasawazisha hayo mawili yawe na nguvu moja atakuwa ameirekodi sauti na kumwacha Zawose nje.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni muziki wetu wa dansi. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilirekodi nyimbo zao katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kawaida bendi nzima ilipiga kwa pamoja, kanda ikizunguka, na aliyekosea aliwafanya wenzake wote waanze upya. Nyimbo hizo huenda kwa mwendo wa masimulizi, mwimbaji akieleza kisa chake taratibu. Kisha huja chemko, magitaa yakajibizana, tarumbeta zikaingia na watu wakainuka vitini. Chemko ni mpando. Kama sehemu ya kwanza imebanwa na kuinuliwa mpaka ikalingana na ya pili kwa ukubwa, chemko likifika halina pa kupanda. Msikilizaji hainuki kitini, wala hajui kwa nini hainuki. Naye kijana aliyebonyeza mpangilio wa wimbo mzima atasema kwamba muziki wa wazee umepooza, kumbe aliyeupooza ni yeye.

Hapo ndipo tunapoufikia ugonjwa wenyewe, ambao chuma na programu vyote viwili vimeutumikia. Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Kwa miaka mingi watengenezaji wa muziki duniani wameshindana kuzifanya nyimbo zao ziwe na sauti kubwa kuliko za jirani, na silaha yao imekuwa kompresa. Mwaka 2008 kundi la Metallica la Marekani lilipotoa albamu yake ya Death Magnetic, mashabiki wake wenyewe walilalamika kwamba nyimbo zimebanwa mpaka zinakwaruza. Nasi tumeuiga ushindani huo. Wimbo wa redioni, wimbo wa daladala na wimbo wa harusi vyote vyapiga kelele kwa nguvu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

La kusikitisha ni kwamba ushindani huo hauna faida tena. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaweka kiwango chao juu ya msingi huo. Leo mitandao mikubwa inayosambaza muziki huupima kila wimbo, na ule uliozidi hupunguzwa ulingane na mingine. Kwa hiyo aliyeuponda wimbo wake ili uvume hapati mvumo. Hubaki na wimbo uliopondeka, unaosikika mdogo kando ya ule ulioachiwa pumzi zake.

Tunawageukia sasa walimu na wanafunzi, maana dawa iko kwao. Msiwaulize mafundi wanatumia chuma au programu. Waulizeni wanasikia nini. Na mjaribu wenyewe. Chukueni wimbo mmoja wa ngoma ya kwenu, mwurekodi kwa kifaa chochote mlicho nacho. Ubaneni mara moja kwa ushikaji wa haraka, mara ya pili kwa ushikaji wa polepole, na mara ya tatu msiubane kabisa. Kisha visawazisheni vyote vitatu viwe na ukubwa mmoja wa sauti, maana sikio hudanganyika upesi na kudhani kwamba kikubwa ndicho kizuri. Mchezesheni mzee anayeicheza ngoma hiyo, bila ya kumwambia kipi ni kipi, na mwangalie miguu yake. Somo hilo halihitaji valvu hata moja.

Nazo taasisi za umma zina wajibu wao. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo na vyuo vingine vya muziki havina budi kumhesabu fundi mitambo kuwa msanii, na kumfundisha taarabu, dansi na ngoma kabla ya kumfundisha vifundo. Fedha za umma zikitengwa kwa ajili ya studio, zinunue kwanza ukimya wa chumba na ujuzi wa watu. Na kanda za Radio Tanzania, ambazo leo zimo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, zihamishiwe kwenye kompyuta kama zilivyo, vilele na mabonde yake yote, bila ya kubanwa. Atakayetaka kuzitoa upya kwa kuzivumisha na afanye hivyo katika nakala. Asili ibaki na pumzi zake. Mkanda ukichakaa na nakala yake pekee ikawa ile iliyopondwa, hapatakuwa na chuma wala programu ya kuwarudishia wajukuu wetu chemko lile.

Mwacha mila ni mtumwa, nao utumwa huu wa leo una nyuso mbili: wa kulisujudia sanduku la ng'ambo, na wa kubonyeza mpangilio wa mtu asiyewahi kuisikia ngoma yetu. Tuvikatae vyote viwili. Tukiwa na sikio letu wenyewe, chombo chochote tutakachopewa kitatutumikia. Na tukikosa sikio, hata Fairchild yenye valvu zake 20 itakuwa jiko la kupashia chumba joto. Kazi ya kulilea sikio hilo ni ya shule zetu, nayo yaweza kuanza katika kipindi cha kesho asubuhi.